Tulikwenda na Magari Mawili, Tukarudi na Kadogo

Kila ninapoegesha pale Kashai, hapa Bukoba, kununua mkate, hakosi mtu wa kuniuliza, "Mzee Ishengoma, lile jeusi liko wapi? Na hiki kigari cha harusi umekitoa wapi?" Nimewaeleza wengi, lakini kwa vipande. Mmoja alisikia mwanzo, mwingine akasikia mwisho, na sasa zinazunguka habari za safari yangu ambazo hata mimi mwenyewe sizifahamu. Kwa hiyo naandika yote mara moja, kama yalivyotokea. Mambo ya kadi za magari, bima na mihuri nayaacha. Yalinichosha kuyafanya, yatawachosha zaidi kuyasoma.

Wasionifahamu vizuri wajue hili kwanza. Mimi na kaka yangu mkubwa, marehemu Kaijage, tulinunua magari yetu ya mbio tukiwa vijana Dar es Salaam. Mimi nilikuwa mpima ardhi, yeye fundi wa mitambo bandarini. Lake lilikuwa jekundu, lenye boneti ndefu na sauti nzito ya kifua. Langu lilikuwa jeusi, milango miwili, silinda sita na turbo. Kila Desemba tulikuja nayo nyumbani Krismasi, tukifuatana njia nzima, tukipokezana kutangulia ili kila mmoja ale vumbi la mwenzake kwa zamu. Tulipoingia uani Kamachumu mama yetu alitupangusa nyuso kwa khanga kabla hajatusalimia, ahakikishe kwanza nani ni nani.

Kaijage alipofariki, jekundu lilibaki kwa mjane wake, Kokugonza, ambaye wote tunamwita Ma Koku. Nami nilipostaafu nikarudi na jeusi langu Kahororo. Hapo ndipo nilipotambua kwamba gari lile halianzi kufurahi mpaka lifike mwendo ambao askari wa barabarani hawaufurahii. Kutoka kwangu hadi sokoni kuna matuta, bodaboda, mbuzi na watoto wa shule. Nilienda gia ya kwanza, gia ya pili, nikarudi ya kwanza, mguu ukiuma kwa klachi nzito, injini ikinung'unika. Mke wangu alikataa kabisa kulipanda siku ya Jumapili.

"Mchungaji anatusikia tukiwa bado Kahororo," alisema, "halafu tunafika tumechelewa."

Basi rafiki mmoja akaniambia habari za Bwana Malimi wa Mwanza, mtu wa mashindano ya magari. Alikuwa na kigari cha viti viwili, chepesi, paa lake la turubai la kukunja, na hakukihitaji. Alichotaka ni magari ya zamani yenye nguvu. Nikampigia. Akasema kwa jeusi peke yake hakitoi. Lakini kama kuna na lile jekundu alilowahi kulisikia sifa zake, tuyalete yote mawili, kigari ni chetu.

Nikampigia Ma Koku. Nilimweleza kwamba kigari kitakuwa cha nyumba zote mbili, kwake Kamachumu na kwangu Kahororo, cha kwenda sokoni, kanisani, shambani.

"Mambo ya Kaijage hayazungumzwi kwenye simu, shemeji," akasema. "Njoo."

Kahororo hadi Kemondo

Niliondoka asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya ziwa. Mke wangu alinifungia ndizi na maharage kwenye jani, juu yake akaniwekea onyo.

"Usimlazimishe yule mama," aliniambia akiwa ameegemea dirisha la gari. "Akikataa, urudi na hili jeusi lako, nitajifunza kulipenda."

Hakuwa akisema kweli kuhusu kulipenda, lakini kuhusu Ma Koku alisema kweli.

Sikufika mbali. Karibu na Kemondo mshale wa joto ulipanda, na mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Bomba la rejeta lilikuwa limepasuka. Fundi alipatikana upesi, ila bomba la ukubwa ule halikupatikana. Akatuma mtu Bukoba na pikipiki, nami nikakaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chai, nikila chapati na samaki wa kukaanga, harufu ya dagaa wanaoanikwa ikitujia na upepo.

Kemondo ile! Zamani tukitoka Dar, tukishaliona ziwa hapo, Kaijage alisimama hata kama nyumbani tumekwisha kupapita. Ndiyo, tulikuwa tukipita njia ya kupanda kwenda Kamachumu na kuendelea mpaka Kemondo, kwa sababu ya samaki tu. Alikula kwa kusimama, mgongo ameegemeza kwenye gari lake lenye moto, vidole vikimetameta mafuta. Mama yetu hakuwahi kujua kwa nini wanawe walifika kutoka safari ya siku mbili wakiwa hawana njaa.

Nilimsimulia yule mama wa chai. Akanisikiliza, akaniuliza, "Na huyo kaka yuko wapi sasa?" Nikamwambia. Akaniongezea samaki mmoja, akasema, "Huyu ni wake, basi. Umlie."

Nikamlia.

Kamachumu

Pale Muhutwe unaacha barabara kuu na kuanza kupanda. Jeusi lilipanda vizuri, kwa kuwa mlima ndicho kitu pekee kilicholistahili huku kwetu. Ma Koku alinipokea mlangoni kwa heshima zote, akapiga goti kidogo kama walivyofundishwa wake wa zamani, ingawa nilimkataza.

"Wabonaki, shemeji."

"Wabonaki, waitu. Habari za hapa?"

Tulikula kwanza, ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa samaki mkavu, tukatafuna punje za kahawa. Hatukutaja gari. Kisha akainuka, akachukua ufunguo uliokuwa umetundikwa chini ya picha ya Kaijage, akasema, "Twende ukamwone."

Alisema "ukamwone", kama mtu.

Jekundu lilikuwa kwenye banda nyuma ya migomba, limefunikwa turubai. Kuku alikuwa amejenga kwenye kiti cha abiria, na alitutazama kwa dharau ya mwenye nyumba. Ma Koku alimhamisha na mayai yake kwa adabu, akaweka kikapu kizuri pembeni. Nilikuwa nimekuja na betri mpya na petroli. Nilisafisha plagi, nikatoa kiota cha panya kwenye chujio la hewa, nikabadilisha oili iliyokuwa imekuwa kama uji. Nilitegemea kazi ya siku nzima. Jua lilikuwa limeanza tu kuinama wakati injini ilipokohoa, ikakohoa tena, kisha ikaunguruma hadi majani ya migomba yakatetemeka.

Sikutazama nyuma mara moja. Nilipotazama, Ma Koku alikuwa amesimama ameshika shavu, macho yamemjaa, lakini anacheka.

"Mawe, mama yangu! Nilidhani nimeisahau sauti hii," alisema.

Nikazima. Ndipo nikamwambia jambo lililokuwa likinisumbua: nilikuwa na magari mawili na dereva mmoja. Nilifikiri nimtafute kijana wa kulipeleka jekundu.

"Kijana wa nini?" akaniuliza. "Mimi naliendesha."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaingia, akasogeza kiti mbele, akawasha, akalitoa bandani kinyumenyume kati ya migomba kwa mkono mmoja, akazunguka ua, akalisimamisha mbele yangu bila hata kutikisika.

"Alinifundisha kila Krismasi," alisema, injini ikiwa bado inanguruma. "Alfajiri, nyinyi mmelala, kwenye barabara ya kwenda Ndolage. Mama mkwe asingekubali. Angesema bibi harusi gani huyu anayekaa mbele ya usukani. Kwa hiyo tulilisukuma mpaka barabarani kabla ya kuwasha."

Kaka yangu, aliyekuwa hawezi kuficha hata zawadi ya mtoto, alinificha hilo maisha yake yote. Nilisimama pale nikaona wivu kidogo, halafu furaha, kwa sababu ilikuwa kama Ma Koku ameniletea habari mpya kutoka kwake.

Juu ya kubadilishana magari alisema jambo moja tu: "Nitakwenda. Nikishamwona huyo mtu, ndipo nitajua."

Muleba hadi Geita

Tuliteremka Muleba asubuhi ya pili, yeye mbele, mimi nyuma. Alivaa gauni la kanisani na kilemba cha kitenge, na katika kila kona niliona kile kilemba kikiinama upande na gari, kisha kikasimama tena. Mjini Muleba watu walitoka madukani. Mwenye bucha alisimama na kisu mkononi, nyama ikining'inia nusu.

Baada ya Muleba, askari wa barabarani akampungia mkono Ma Koku asimame. Nami nikasimama nyuma yake. Nilijua tumekwisha. Nilitoka na leseni na karatasi zangu zote mkononi, nikaanza kueleza hali ya tairi za nyuma kabla sijaulizwa.

"Mzee, tulia," askari alisema. "Fungua boneti ya hili jekundu."

"Afande, lilikaguliwa..."

"Fungua tu, mzee wangu."

Akainama, akatazama ile injini ya jekundu kama mtu anayechungulia kisima. Akampigia kelele mwenzake aliyekuwa ng'ambo ya barabara: "Njoo uone! Kabureta tatu!" Walipiga picha, wakaomba Ma Koku akanyage mafuta kidogo. Akakanyaga. Wote wawili wakafumba macho.

"Endesheni taratibu," yule wa kwanza alituambia mwishoni, kwa sauti ya huzuni, kana kwamba alijuta kutupa ushauri huo.

Kufika Kyamyorwa tulizuiwa na ng'ombe. Si wachache, ni kundi lililojaza barabara, na mchungaji wao hakuwa na haraka. Jeusi lilianza tena kupata joto, nikalizima. Ma Koku akatoka akaketi juu ya ukingo wa daraja dogo, akamenya chungwa, akanipa nusu. Aliniambia kwamba tangu msiba hakuwahi kufika mbali kuliko Muleba mjini. Watoto wake walioko Dodoma humwita, naye husema atakwenda kahawa ikishaanikwa. Kahawa ikianikwa, husema atakwenda ikishauzwa.

"Hofu ya nini, shemeji?" nikamuuliza.

"Si hofu. Nilikuwa sioni wa kumwambia nimefika."

Ng'ombe wa mwisho akapita.

Geita tuliingia jioni, tumechoka. Nyumba ya wageni ilikuwa safi, na dada wa mapokezi alituchangamkia sana. Akatupa ufunguo mmoja.

"Vyumba viwili, dada," nikasema.

Akatutazama kwa majonzi. "Mmegombana? Safari huchosha, baba. Kaeni mzungumze."

"Huyu ni shemeji yangu."

"Ee, hata mimi naitwa shemeji na mume wangu nikimkasirisha," akasema. Ilibidi Ma Koku mwenyewe aeleze ukoo wote, kutoka kwa baba mkwe, ndipo ufunguo wa pili ukapatikana.

Na chakula nacho! Mhaya akiwa na njaa huagiza ndizi, na kwake maana yake ni chakula. Niliagiza ndizi na nyama. Ikaja sahani ya nyama, na pembeni ndizi mbivu mbili ambazo hazijamenywa. Nikamwita mhudumu. Akasema kwa upole, "Baba, si uliagiza ndizi?" Ma Koku alicheka mpaka akashika meza. Tukala ugali. Ulikuwa mzuri sana, msimwambie mtu wa Kamachumu.

Busisi na Mwanza

Zamani pale Busisi tulisubiri kivuko. Tulisubiri mpaka jua likawaka na likapoa, tukanunua karanga, tukabishana na wapiga debe, tukalala juu ya boneti. Kaijage alipata marafiki wengi zaidi kwenye foleni ile kuliko kazini. Sasa kuna daraja. Nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha Ma Koku mahali tulipokuwa tukikaa, lakini nilipotoa mkono dirishani kumpungia asimame tulikuwa tumekwisha kuvuka. Jambo zuri ni zuri, sikatai. Ila nilipofika ng'ambo nilisikia kama nimeruka ukurasa.

Bwana Malimi alitupokea kwenye uwanja wake wenye ukuta mrefu. Mtu mnene, mwenye sauti ndogo, mikono yote ina alama za kuungua. "Mwangaluka," alitusalimia, akamshika Ma Koku mkono kwa mikono yake yote miwili. Mkewe akaleta chai. Ma Koku akatoa zawadi yake, kopo la senene waliokaangwa. Malimi alikula kiganja kizima, akatafuna, akafikiri.

"Dagaa wenu wa huko wana miguu," alisema, akachukua tena.

Kigari kilikuwa chini ya mti, kijani kibichi, kidogo kuliko nilivyofikiri. Niliingia. Nikakiwasha na kukizungusha mle uwanjani. Klachi nyepesi, usukani unaitikia kabla hujamaliza kuuliza. Nilikuwa natabasamu peke yangu kama mtoto mwenye baiskeli mpya. Niliporudi nikamkuta Malimi amelala chini ya jekundu na taa mkononi.

"Injini ni nzima kabisa," alisema akitoka. "Gia nzima. Bodi ndiyo imekwisha, kutu imekula sakafu yote na nguzo za pembeni. Sitawadanganya wazee wangu. Injini na gia nitavihamishia kwenye gari langu la mashindano. Bodi tutaikata."

Nilisimama, nikamwambia hapana. Nikamwambia gari lile lilitufikisha kwa mama yetu, kwamba kaka yangu aliliosha kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba nisingempa mtu alikate kama mbuzi. Nilisema mengi, na sauti yangu ilipanda. Malimi hakubishana. Alisema tu, "Nakuelewa, mzee. Mrudi nayo salama," akaanza kufuta mikono yake kwa kitambaa.

Nilimtazama Ma Koku nikitegemea aniunge mkono. Yeye alikuwa amesimama kando ya jekundu, kiganja juu ya paa.

"Shemeji," alisema, "Kaijage hakuliosha hata siku moja. Nililiosha mimi."

Nikaegemea kigari.

"Hakujali rangi wala bodi. Alichokuwa akipenda ni ile sauti, na barabara." Akamgeukia Malimi. "Ukiihamisha, itakimbia?"

"Itakimbia, mama. Kila msimu, mpaka mimi nishindwe."

"Si kukaa chini ya turubai?"

"Mama, hapa kwangu hakuna turubai."

Kuku wa mke wa Malimi walikuwa wakikwaruza chini ya magari, na sikutaka kuwatazama, walinikumbusha yule wa bandani.

"Basi nataka niiendeshe mara ya mwisho, mwenyewe," alisema Ma Koku. "Panda, Bwana Malimi, unionyeshe njia isiyo na watu."

Wakaondoka. Nilisimama langoni. Nilisikia jekundu likitafuta gia ya pili, ya tatu, likielekea upande wa Usagara, halafu likafika mahali ambapo sikuwa nimelisikia kwa miaka mingi, ile sauti iliyokuwa ikija mbele yangu au nyuma yangu gizani nje ya Nzega, nje ya Biharamulo, nikajua kaka yupo. Ikapungua, ikawa kama nyuki, ikapotea. Nililia, sina sababu ya kuwaficha. Kisha ikaanza kurudi.

Malimi alitoka akiwa ameshika kifua. "Mama huyu," aliniambia, "angekuwa kijana ningemwajiri leo." Ma Koku alizima, akauacha ufunguo mahali pake, akafunga mlango kwa upole, akasema anaomba chai nyingine.

Mimi nilikwenda kwa jeusi langu, nikaligonga boneti mara mbili kama mtu anavyomgonga ng'ombe ubavuni. Hakuna aliyeniuliza lolote. Lile lilikuwa na bodi nzima, Malimi alisema atalitunza lilivyo, na nadhani lilifurahi kubaki mahali penye barabara ndefu.

Kurudi

Tuliondoka siku iliyofuata tumefungua paa. Mizigo yetu yote ilikuwa mfuko mmoja na kikapu, maana buti ya kile kigari inatosha begi la mtoto wa chekechea. Upepo ulikuwa juu ya vichwa vyetu, na kwa mara ya kwanza katika safari nzima tuliweza kuzungumza. Katika magari yale mawili kila mtu alikuwa peke yake na injini yake. Hapa tulisikia ndege, redio za vibanda, watu wakiitana mashambani. Na kona! Kigari hiki hakina nguvu ya kutisha mtu, lakini ukikiingiza kwenye kona kwa mwendo wa kawaida kabisa, moyo unacheka.

Mvua ilitukuta kabla ya Chato. Nilivuta paa, likaja nusu, likagoma. Malimi alikuwa amenionyesha namna, nami nilikuwa nimesema nimeelewa. Ma Koku akafungua mwavuli juu yetu wote wawili, nasi tukasonga hivyo, polepole, mpaka kwenye vibanda vya mananasi. Wanawake pale wakasimama wote. Mmoja akaweka mikono kichwani.

"Poleni! Jamani, poleni sana! Lilipinduka wapi?"

"Nini kilipinduka?" nikauliza.

"Gari, baba. Paa lote limeondoka!"

Nilifungua mdomo kueleza. Ma Koku akanikanyaga mguu. "Tumshukuru Mungu," alisema kwa sauti ya unyenyekevu, "wote wawili tuko wazima."

Tuliketishwa chini ya bati, tukapewa chai ya tangawizi, tukakatiwa nanasi na hawakukubali tulipe. Bibi mmoja alituombea sala ndefu, akitaja majeruhi na madereva wote. Tulipoinuka nilijaribu paa tena nikiwa nimewapa mgongo, na safari hii likaja lote, likajifunga kwa mlio safi. Yule bibi akatazama paa, akanitazama mimi.

"Mungu ni mwema," alisema kwa uangalifu.

Tulicheka kutoka hapo mpaka Kyamyorwa. Ma Koku alilia kwa kucheka, akafuta macho kwa ncha ya kilemba, akasema Kaijage angesimama turudi kuwaeleza ukweli. Nikasema ndiyo, halafu angekaa hapo mpaka jioni. Tulimzungumzia hivyo njia nzima, kwa mara ya kwanza bila kushusha sauti.

Kyamyorwa akataka usukani. Alitupeleka Muleba, na kutoka Muleba akachukua njia ya kupanda. Kona za Kamachumu zinajulikana, upande mmoja migomba, upande mwingine bonde na ziwa mbali. Alizichukua moja baada ya nyingine bila breki za kelele, akitabasamu, mwendo ambao hata mwendesha baiskeli mzuri asingeachwa sana. Uani alisimama, akazima, akasikiliza. Injini ilikuwa imenyamaza mara moja, bila kuacha mwangwi.

"Tumefika," alisema. Alimwambia nani, sikuuliza.

Nyumbani

Sasa kigari kinakaa wiki kwangu, wiki kwake. Mke wangu amenunua miwani ya jua, na Jumapili tunafika kanisani bila mtu kujua tumefikaje. Ndizi zangu kutoka Kagondo huja kwenye kiti cha abiria, mkungu umefungwa mkanda. Ma Koku amekwenda Dodoma. Alikwenda kwa basi, kahawa ikiwa bado juani, akamwachia jirani aigeuze.

Wiki iliyopita nilikuwa nakipeleka Kamachumu kimsubiri, na karibu na njia ya Rubya bibi mmoja akanisimamisha. Mzee sana, kikapu mkononi. Alisema anakwenda kumwona kitukuu aliyezaliwa. Nikamsaidia kuketi, nikamfunga mkanda, nikamuuliza kama nifunge paa.

"Uache hivyohivyo, tata," alisema, akiniita baba kwa Kihaya.

Tukaenda. Alikaa wima, kikapu mapajani. Mbele kidogo, kwenye nyumba yenye ua wa michongoma, akanigusa mkono.

"Punguza mwendo. Hapa anakaa wifi yangu."

Nikapunguza mpaka tukawa tunatambaa. Bibi akainua shingo, akaweka sawa kilemba chake. Uani palikuwa na nguo zimeanikwa na mbwa amelala, hapakuwa na mtu. Tukapita. Alikaa akiwaza kidogo, kisha akasema, "Geuza, tata, tupite tena. Na upige honi."

Nikageuza.